Kitenzi cha Kijerumani kaufen: kilikotoka na jinsi ya kukigeuza kwa nafsi na nyakati

Chukua neno la Kijerumani kauftest ulikate vipande vitatu: kauf-te-st. Kisha chukua ulinunua ulikate vivyo hivyo: u-li-nunua. Maana ni moja na vipande ni vilevile: mzizi wenye maana ya kununua, alama ya wakati uliopita, na alama ya nafsi ya pili. Tofauti ni mpangilio tu. Mswahili huanza na nafsi akamalizia na mzizi, Mjerumani huanza na mzizi akamalizia na nafsi. Ukilisoma neno lao kuanzia nyuma, umelipata letu.

Madarasa mengi ya A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya kujifunza lugha, humpa mwanafunzi jedwali na kumwambia alikariri. Jedwali lina kazi yake, na humu utaliona, lakini mtu aliyekulia kwenye lugha ya viambishi anaanza safari hii akiwa mbele kuliko anavyoambiwa. Tatizo ni kwamba vitabu karibu vyote huandikwa kwa kumfikiria Mwingereza, ambaye lugha yake imepoteza sehemu kubwa ya viambishi vya namna hii. Hapa tutafuata njia yetu.

Nimechagua kaufen, yaani kununua, kwa sababu ni kitenzi dhaifu kisicho na kona hata moja, na kwa sababu utakihitaji siku ya kwanza unapotua Frankfurt au Hamburg na hujala.

Kwanza, kilikotoka

Warumi walikuwa na neno caupo. Huyo alikuwa mwenye nyumba ya wageni, muuza divai, na pia mchuuzi wa bidhaa ndogondogo. Makabila ya Kijerumani yaliyopakana na dola ya Roma kwenye mito Rhein na Donau yalifanya biashara na watu hao, na kutokana na jina lao yakatengeneza kitenzi. Katika Kigothi, lugha ya kale ya ukoo huohuo wa Kijerumani, ambacho tunakijua hasa kupitia Biblia iliyotafsiriwa na Askofu Wulfila katika karne ya 4, kitenzi hicho ni kaupon. Kipo kwenye mfano wa mafungu ya fedha, Luka 19:13, pale bwana anapowaachia watumwa wake fedha na kuwaagiza wafanye biashara mpaka atakaporudi. Wulfila aliandika kaupoþ, herufi ya mwisho ikitamkwa kama th ya thelathini.

Angalia maana: ni kufanya biashara. Kununua na kuuza vilikuwa ndani ya neno moja. Baadaye Wajerumani wakatenganisha kazi: kaufen ikabaki kwa anayenunua, na anayeuza akapewa verkaufen. Maana ya zamani haikufa yote, ndiyo maana Kaufmann ni mfanyabiashara, wala si mnunuzi.

Sauti nayo ilibadilika. Kuanzia takriban karne ya 6 hadi ya 8, lahaja za Kijerumani za kusini ziligeuza p iliyofuata irabu kuwa f. Hivyo kaup- ikawa kouf-, na koufen ya zamani ikawa kaufen ya leo. Wimbi hilo halikufika kaskazini. Mholanzi bado anasema kopen, Mswidi köpa, na mji mkuu wa Denmark, København, ni bandari ya wafanyabiashara. Neno cheap la Kiingereza ni ndugu wa kaufen pia. Zamani lilimaanisha biashara na mapatano ya bei, leo limebaki na maana ya rahisi. Hata Wafini walilichukua kutoka kwa majirani zao wenye lugha za ukoo wa Kijerumani, na kwao kauppa ni duka.

Sasa, kwa nini kiitwe kitenzi dhaifu? Majina hayo, stark na schwach, yaani chenye nguvu na dhaifu, yalitumiwa na mwanaisimu Jacob Grimm katika sarufi yake ya Kijerumani iliyoanza kutoka mwaka 1819. Kitenzi chenye nguvu hubadilisha irabu ya ndani ili kuonyesha wakati: trinken, trank, getrunken (kunywa, alikunywa, amekunywa). Grimm alikiona kama kinachojitegemea. Kitenzi dhaifu hakiwezi hilo, hubandikwa -te kutoka nje. Jina haliwatendei haki, maana dhaifu ndio wengi na ndio wanaozidi kuongezeka. Vitenzi vyenye nguvu ni ukoo wa kale ambao karibu haupokei tena watoto. Karibu kila kinachokopwa au kuundwa upya huenda upande wa dhaifu: kaufen kilikwenda huko enzi za Warumi, na googeln kimekwenda huko juzi tu. Mjerumani husema ich googelte na ich habe gegoogelt bila kufikiri mara mbili.

Hiyo -te yenyewe nayo ina asili. Maelezo yanayokubaliwa na wanaisimu wengi ni kwamba ilitokana na kitenzi cha kufanya, ambacho leo ni tun. Katika Kigothi, tulitafuta ni sokidedum, na ile -dedum ya mwisho bado inanukia maana ya tulifanya. Kwa hiyo kaufte mwanzoni ilikuwa kama kusema nilifanya kununua. Kwetu mambo kama haya si mageni: alama yetu ya wakati ujao, -ta-, inahusishwa na kitenzi kutaka. Vitenzi vikichoka kusimama peke yao hugeuka viambishi.

Hatua ya 1: toa mzizi, na uutamke sawasawa

Ondoa -en kwenye kaufen, unabaki na kauf. Huo ndio mzizi na hautabadilika popote.

Kaa hapa kidogo kwenye matamshi, kwa kuwa kosa la hapa huharibu yote yanayofuata. Au hutamkwa kwa pumzi moja, siyo ka-u. Zaidi ya hapo, ulimi wa Mswahili hupenda kufunga neno kwa irabu: kauft inakuwa kaufti au kaufta. Kwenye maneno mengine hiyo ni lafudhi tu na hakuna anayejali. Kwenye kitenzi dhaifu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kauft ni ananunua na kaufte ni alinunua. Irabu moja uliyoongeza bila kukusudia imebadilisha wakati. Zoeza kinywa kusimama kwenye t: kauft, kauft, kauft, kisha kaufte, na usikie tofauti.

Hatua ya 2: wakati uliopo

ich kaufe (mimi)
du kaufst (wewe)
er, sie, es kauft (yeye)
wir kaufen (sisi)
ihr kauft (ninyi)
sie kaufen (wao)
Sie kaufen (wewe au ninyi, kwa heshima)

Hapa hakuna kiambishi cha wakati, kuna mzizi na nafsi tu. Umbo hili moja hubeba ninanunua, huwa nanunua, na mara nyingi hata nitanunua, mradi kuwe na neno la kuonyesha siku: Morgen kaufe ich Brot, kesho nitanunua mkate.

Kiwakilishi hakiachwi. Sisi tukisema tunanunua imetosha, kwa kuwa tu- haifanani na nyingine. Kwao kaufen inaweza kuwa sisi, wao, au wewe wa heshima, na kauft ni yeye au ninyi. Viambishi vyao vya nafsi vimechakaa, kwa hiyo kiwakilishi ndicho kinachofanya kazi ambayo kwetu hufanywa na u-, tu-, m- na wa-.

Kwa yeye, chagua er kwa mwanamume na sie kwa mwanamke. Kitenzi hakibadiliki, ila kumwita mke wa mtu er ni jambo litakalosikika haraka. Na Sie yenye herufi kubwa ndiyo ya ofisini, dukani, hospitalini na kwa mtu yeyote mzima usiyemfahamu. Du ni ya ndugu, marafiki na watoto. Kwa mtu mzima usiyemjua, anza na Sie, yeye mwenyewe atakuambia mkishafika kwenye du.

Pengine utasikia watu wakisema du käufst au er käuft. Ni ya mitaani na ya lahaja. Usiiandike kwenye mtihani.

Vitenzi vingine dhaifu hufuata jedwali hilohilo, pamoja na marekebisho mawili ya kumrahisishia mtamkaji. Mzizi ukiishia t au d, huingizwa e: arbeiten, du arbeitest, er arbeitet. Ndivyo ilivyo pia kwa öffnen na rechnen, du öffnest, du rechnest, kwa kuwa bila e neno halitamkiki. Mzizi ukiishia s, ß, x au z, s ya du humezwa: tanzen, du tanzt, reisen, du reist.

Hatua ya 3: wakati uliopita wa neno moja

Weka te kati ya mzizi na nafsi.

ich kaufte
du kauftest
er, sie, es kaufte
wir kauften
ihr kauftet
sie, Sie kauften

Ich na er zimelingana kabisa, hazina alama ya nafsi. Ukilizoea hilo, hapa hakuna la kukariri. Arbeiten hupata ile e yake tena: ich arbeitete, neno linalochekesha ulimi lakini ndilo sahihi.

Umbo hili ni la maandishi zaidi: hadithi, magazeti, ripoti. Kwenye mazungumzo, hasa kusini mwa Ujerumani, Austria na Uswisi, watu huliacha na kutumia lile linalofuata. Ukiwa na muda mchache kabla ya safari, ruka hatua hii uirudie baadaye.

Hatua ya 4: Perfekt, ndiyo inayosikika mitaani

Unahitaji vitu viwili: kitenzi haben kilichogeuzwa kwa nafsi (habe, hast, hat, haben, habt, haben), na gekauft, yaani ge- mbele ya mzizi na -t nyuma. Haben hukaa nafasi ya pili ya sentensi na gekauft huenda mwisho kabisa. Vyote vingine husimama katikati:

Ich habe gestern auf dem Markt Tomaten gekauft.
Jana nilinunua nyanya sokoni.

Angalia tafsiri. Walimu wengi husema Perfekt ni -me- yetu, na hapo ndipo wanafunzi wanapopotea. Nimenunua jana haikai vizuri kwenye Kiswahili sanifu, lakini ich habe gestern gekauft ni sentensi safi kabisa. Perfekt inabeba nilinunua na nimenunua kwa pamoja. Usiifunge kwenye -me-.

Suala la ge- huwasumbua watu kuliko inavyostahili. Utaambiwa vitenzi vya -ieren havichukui ge-, kisha utapewa orodha nyingine ya viambishi awali, be-, er-, ver-, zer-, ent- na wenzao, kwamba navyo havichukui. Mimi naona sheria moja inatosha: ge- hukaa mbele ya silabi yenye mkazo tu. Káufen ina mkazo mwanzoni, basi gekauft. Verkáufen ina mkazo kwenye silabi ya pili, basi verkauft bila ge-. Studíeren na reservíeren, vivyo hivyo: studiert, reserviert. (Alama za mkazo nimeziweka kwa ajili ya sikio, Wajerumani hawaziandiki.)

Kuna jamaa mwingine wa kaufen utakayemtumia kila wiki: einkaufen, kwenda kununua mahitaji ya nyumbani. Mkazo uko kwenye ein, na ein hutengana na mwenzake. Ich kaufe am Samstag ein, Jumamosi nafanya manunuzi. Kwa kuwa ein hutengana, kwenye Perfekt ge- hukaa mbele ya kaufen yenyewe, yaani hupenya katikati: Ich habe eingekauft. Kwa hiyo gekauft, verkauft na eingekauft ni ndugu watatu, kila mmoja na ge- yake au ukosefu wake.

Vitenzi vichache dhaifu vya mwendo hutumia sein badala ya haben: ich bin gereist (nimesafiri), ich bin ihm gefolgt (nimemfuata). Kaufen hakimo.

Hatua ya 5: ningenunua

Kwa kweli kaufen ina umbo lake la masharti, nalo ni kaufte. Ndiyo, lilelile la wakati uliopita. Kwenye vitenzi dhaifu maumbo hayo mawili yamegongana, na ndiyo sababu watu hukimbilia würde. Ichukulie würde kuwa ni -nge- yetu iliyosimama peke yake:

Wenn ich genug Geld hätte, würde ich das Haus kaufen.
Ningekuwa na hela za kutosha, ningeinunua nyumba hiyo.

(Hela yenyewe ni ya kwao. Kuanzia mwaka 1904 rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa kwa Heller 100. Jina hilo la sarafu lilitoka kwenye mji wa Schwäbisch Hall, na wakoloni walipoondoka sisi tukabaki na neno.)

Kwa jambo ambalo nafasi yake imeshapita, weka hätte na gekauft: ich hätte das Haus gekauft, ningaliinunua nyumba hiyo.

Mengine yaliyobaki ni mepesi. Wakati ujao ni ich werde kaufen, ingawa mara nyingi wakati uliopo pamoja na morgen hutosha. Amri ni kauf! kwa mmoja, kauft! kwa wengi, kaufen Sie! kwa heshima. Na kauli ya kutendwa hutumia werden pamoja na gekauft: Das Brot wird gekauft, mkate unanunuliwa, wurde gekauft, ulinunuliwa.

Hatua ya 6: kumnunulia mtu

Sisi tukitaka kusema kitu kinanunuliwa kwa ajili ya mtu, tunakiingiza kitenzi kwenye kauli ya kutendea: nunua inakuwa nunulia. Kijerumani hakigusi kitenzi, kinagusa jina la mtu. Jina hilo huingia kwenye hali inayoitwa Dativ:

Ich kaufe meiner Mutter ein Kleid. Ninamnunulia mama gauni.
Ich kaufe dir ein Buch. Ninakununulia kitabu.
Ich kaufe mir ein Fahrrad. Ninajinunulia baiskeli.

Wanafunzi huiogopa sana Dativ. Kwa kaufen na wenzake kama schenken (kumpa zawadi) na kochen (kumpikia), jiulize tu: je, kwa Kiswahili ningesema -lia, -pia, -ia? Ukijibu ndiyo, mtu huyo karibu kila mara yuko kwenye Dativ. Uchunguzi huu hausaidii kila kitenzi, ila kwa vitenzi vya kununua, kupika, kuleta na kuandika unafanya kazi vizuri.

Hatua ya 7: kutambua kitenzi dhaifu usichokijua

Umekutana na kitenzi kigeni na hujui kama ni dhaifu. Kama kinaishia -ieren, ni dhaifu, na kama kimekopwa, karibu kila mara ni dhaifu pia. Lakini kuna kundi jingine ambalo Mswahili anaweza kulinusa haraka.

Zamani sana, lugha za Kijerumani zilikuwa na kauli ya kutendesha kama yetu. Zilichukua kitenzi chenye nguvu, zikakiongezea kiambishi, kikapatikana kitenzi kipya cha kusababisha, na kitenzi hicho kipya kikawa dhaifu. Kiambishi chenyewe kimeshapotea, lakini kimeacha mtoto mwenye irabu iliyogeuka:

trinken, kunywa, tränken, kunywesha
fallen, kuanguka, fällen, kuangusha (mti)
sitzen, kukaa; setzen, kuketisha, kuweka
liegen, kulala mahali, legen, kulaza
saugen, kunyonya, säugen, kunyonyesha

Safu ya kwanza yote asili yake ni vitenzi vyenye nguvu: trank, fiel, saß, lag, sog. Saugen pekee siku hizi huruhusu pia saugte. Safu ya pili yote ni dhaifu: tränkte, fällte, setzte, legte, säugte. Säugen siku hizi husemwa zaidi kwa wanyama. Mama akinyonyesha mtoto wake neno la kawaida ni stillen, nalo ni dhaifu pia.

Kwa hiyo kitenzi kikiwa na mwenzake wa kufanana, na wewe ungekitafsiri kwa -sha au -za, kipe -te. Hata pale jozi inapovaa sura moja sheria hii husaidia. Hängen ni kuning'inia na pia kuning'iniza. Picha ilipokuwa ikining'inia ukutani, das Bild hing an der Wand. Ulipoitundika wewe, du hängtest das Bild an die Wand. Ndivyo ilivyo kwa erschrecken: ich erschrak, nilishtuka, du erschrecktest mich, ulinishtua.

Tahadhari ni kwa kikundi kidogo kinachochanganya tabia zote mbili, kubadili irabu na kuchukua -te kwa wakati mmoja: bringen, brachte, gebracht, denken, dachte, gedacht, kennen, kannte, gekannt. Nennen, rennen na brennen hufuata mtindo wa kennen. Wissen hutoa wusste na gewusst. Hivi ndivyo vya kukariri, na ni vichache kiasi cha kutosha kwenye kipande kimoja cha karatasi juu ya kioo cha bafuni.